Mkoa Wanaosema Haupo

Wiki niliyokuwa naaga Malindi, mzee mmoja wa Kiitaliano aliyezoea kunywa kahawa hotelini petu kila asubuhi aliniuliza naenda sehemu gani ya Italia. Nikamjibu: Molise. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kisahani. "Molise haupo, binti. Wamekudanganya. Mkoa huo haupo."

Usiku ule sikupata usingizi. Mkataba wa kazi ulikuwa tayari, tiketi nimeilipa kwa zamu yangu ya chama, na mtu wa huko huko ananiambia nakwenda pasipokuwapo. Nikafungua ramani kwenye simu, nikautafuta kwa kidole. Kumbe upo: umebanwa baina ya Abruzzo, Lazio, Campania na Puglia kama abiria aliyepata nusu kiti kwenye matatu, nao umejitahidi kutoa mguu mmoja mpaka Bahari ya Adriatiki.

Mzee yule alikuwa akinitania, na utani wenyewe si wake. Waitaliano wote huusema. Molise ndio mkoa wa mwisho kuzaliwa katika ishirini waliyo nayo: hadi mwaka 1963 ulikuwa nusu ya mkoa mmoja ulioitwa Abruzzi e Molise, kisha ukatengwa. Hauna uwanja wa ndege. Barabara kuu ya kulipia huupitia ukingoni tu, kandokando ya bahari, na wengi huupita bila kujua wameupita. Watu wake walizidi 400,000 mwaka 1951, leo hawafiki 300,000. Vijana wa huku wameugeuza utani ukawa fulana. "Haupo" kwa Kiitaliano ni *non esiste*. Wao wameitoa *non*, wakaongeza herufi moja mbele, ikawa *resiste*. Yaani unastahimili, haung'oki.

Mimi nimekuja kumtunza bibi mmoja. Ana miaka themanini na nane, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mji mzima unamwita Maestra, kwa hiyo nami namwita Maestra. Yeye huniita *figlia mia*, mwanangu. Mji tunaokaa sitautaja. Ni mdogo mno. Nikiutaja tu, nimemtaja na yeye, na mpaka jioni mpwa wake atakuwa ameshapigiwa simu tatu.

Kumbukumbu za Maestra zinamtoroka. Chai aliyokunywa sasa hivi haikumbuki. Lakini ukimwambia ataje miji ya Molise, anakaa wima, anafunga macho, na majina yanatoka mfululizo kama mtoto wa chuoni anavyoshusha juzuu: Acquaviva Collecroce, Baranello, Bojano, Bonefro, Busso, Campobasso... Jumla yake 136. Alipoanza kufundisha zote zilikuwa chini ya wilaya moja, Campobasso. Mwaka 1970 Isernia ikapewa wilaya yake, na mpaka leo Maestra hulisimulia jambo hilo kama talaka iliyotokea nyumba ya jirani. Campobasso ilibaki na 84, Isernia ikachukua 52. Daktari alisema tumzoeze kukumbuka, basi tuna mchezo wetu: vikombe viwili vya maharagwe, kimoja kina 84 na kingine 52. Kila jina likitajwa, haragwe moja linatoka.

Nilipata taabu kumweleza mama yangu kwenye simu ni vitu gani hasa tunavyovihesabu. Waitaliano husema *comune*. Kamusi inasema "manispaa", lakini neno hilo kwetu lina madaraka makubwa: Malindi yetu ilikuwa manispaa, ikawa na meya na magari ya taka, mpaka kaunti zilipokuja mwaka 2013. Huku kuna Provvidenti, mji wenye wakazi kama mia moja, na huo nao ni *comune* sawa na Roma. Katiba yao inaposema Jamhuri imeundwa na nini, *comune* ndiyo inayotajwa kwanza, mbele ya wilaya, mbele ya mikoa, mbele ya serikali yenyewe. Warundi wana "komine" waliyoachiwa na Wabelgiji. Mimi nitasema komune, na mwenye neno bora anipe.

Sheria inasema komune yoyote isiyozidi wakazi 3,000 ina meya na madiwani kumi. Sasa piga hesabu ya Provvidenti: katika kila watu kumi, mmoja ni kiongozi. Kaunti ya Kilifi nzima, iliyohesabu watu zaidi ya 1,450,000 mwaka 2019, ina wadi 35 na gavana mmoja. Molise, haifiki hata robo ya watu hao, ina mameya 136, na kila mmoja ana ule mshipi wa rangi tatu anaouvaa begani siku za sherehe. Mwanzoni niliona ni upuuzi na ubadhirifu. Siku hizi sina hakika. Meya wetu namkuta kwenye foleni ya mkate, na taa ya njia yetu ilipozimika, Maestra alimwambia palepale, mbele ya watu, huku akimshikilia kifundo cha mkono kwa sababu aliwahi kumfundisha kusoma. Taa iliwaka siku ya pili.

Nguvu hasa ya komune niliionja siku ya kwenda kujiandikisha. Kila mtu anayekaa Italia lazima aandikwe kwenye daftari la wakazi la komune fulani. Bila hivyo hupati daktari wala kitambulisho. Nilikwenda na pasipoti yangu. Karani akauliza nimezaliwa wapi. Malindi. Akaandika. Akauliza Malindi iko ndani ya komune gani. Nikamwambia Malindi ndiyo Malindi. Akauliza wilaya. Nikasema ilikuwa wilaya, sasa ni kaunti ndogo. Akashusha pumzi, akafuta alichoandika, akaweka herufi mbili, EE, ambazo maana yake ni kwamba ulizaliwa nje.

Baadaye askari wa komune akaja mpaka mlangoni kuthibitisha kwamba kweli nalala hapa. Aliangalia jina langu kwenye kengele, akaangalia kitanda changu, akakubali kahawa. Maestra alimtesa kwa maswali ya sarufi.

Wana pia namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16, ambayo ndani yake kuna jina lako, siku uliyozaliwa, na mahali. Kila komune ya Italia ina alama yake ya herufi moja na tarakimu tatu: Agnone ni A080, Campobasso ni B519, Termoli ni L113. Mtu wa Agnone akihamia Milano akakaa miaka sitini, A080 haimtoki, atazikwa nayo. Waliozaliwa nje, alama zao huanza na Z. Kenya ni Z322. Nchi nzima, kuanzia Lamu hadi Busia, alama moja. Mtanzania ni Z357. Maestra aliniuliza kama hilo haliniudhi, kwamba kijiji cha watu mia kina alama yake na nchi yangu ina moja tu. Sikujua la kumjibu, nikamwambia supu inaungua.

Mikia ya majina ilinichanganya sana. Kuna Acquaviva Collecroce na Acquaviva d'Isernia, kuna Torella del Sannio, kuna Castellino del Biferno. Italia ilipoungana mwaka 1861, miji iliyokuwa imekaa kila mmoja na dola yake ilijikuta chini ya paa moja na majina yamegongana. Ndipo wengi wakaongezewa kipande cha pili ili barua zisipotee. Duronia yetu hapa ilikuwa ikiitwa Civitavecchia, jina lilelile la bandari ya Roma, ikaona bora itafute jina jipya kabisa. Nilimwambia Maestra kwamba na sisi tuna Malindi ya Kenya na Malindi ya Unguja, na hakuna aliyekubali kuongezewa mkia. Akasema barua zenu basi lazima zilipotea nyingi.

Kuizunguka miji hiyo si kazi nyepesi kwa mtu kama mimi. Mtunza wazee hupumzika Alhamisi alasiri na Jumapili. Mabasi hutembea alfajiri, kupeleka wanafunzi, na kurudi mchana. Jumapili hakuna. Kwa hiyo siku niliyo huru ndiyo siku ambayo milima imefungwa. Nimekwenda nilikokwenda kwa hisani ya mpwa wa Maestra na gari lake dogo, na mara nyingi kwa ajili ya sikukuu za watakatifu. Kila komune ina mtakatifu wake, na siku yake ofisi zote na shule za komune hiyo hufungwa, wakati mji wa pili, ng'ambo ya bonde, watu wako kazini kama kawaida.

Mimi ni Mwislamu, na kwenye misafara hiyo husimama pembeni na mtandio wangu. Lakini Larino mwishoni mwa Mei, nani asiyesimama! Magari ya kukokotwa na ng'ombe, zaidi ya mia moja, yamefunikwa maua ya karatasi yaliyotengenezwa kwa mkono miezi kadhaa, yanakwenda taratibu usiku na mienge kwa heshima ya San Pardo, mtakatifu wa mji. Ukishuka kidogo kuelekea baharini, Ururi na Portocannone, hakuna taratibu tena: huko ng'ombe walewale hukimbizwa mashindanoni, wapanda farasi wakiwasukuma kwa nyuma kwa miti mirefu, na familia hazisemezani wiki nzima.

Ururi na Portocannone ni miji ya Waarbëreshë, watu waliovuka bahari kutoka Albania zaidi ya miaka 500 iliyopita wakati Waosmani walipokuwa wakisonga mbele. Kialbania chao bado kipo. Kibao cha kuingilia mji kina majina mawili. Na kuna komune tatu nyingine, Acquaviva Collecroce, Montemitro na San Felice del Molise, ambazo wenyewe walitoka upande wa Kroatia, enzi zilezile. Nilimuuliza mama mmoja wa Montemitro lugha yao inaitwaje. Akasema *na-našu*. Inamaanisha nini? "Kwa namna yetu." Nilicheka peke yangu, naye akadhani namdharau, ikabidi nimweleze: kwetu mtu akikataa kukutajia lugha ya nyumbani kwao husema "kikwetu". Miaka mia tano, lugha isiyo na jina lingine ila letu.

Lakini mahali palipokaa moyoni mwangu ni Sepino. Chini ya mji wa sasa, uwandani, kuna magofu ya mji wa Kirumi, Saepinum. Hakuna vurugu za watalii, kondoo hupita. Kupita kwenyewe si bahati mbaya: barabara kuu ya mji ule ni kipande cha njia ya mifugo. Njia hizi huitwa *tratturi*, na kubwa zake zilikuwa na upana wa mita 111. Ndiyo, mita mia moja na kumi na moja za majani matupu, kutoka milima ya Abruzzo mpaka tambarare za Puglia, ili kondoo washuke baridi ikianza na kupanda majira ya joto. Mwaka 2019 UNESCO iliuweka uhamaji huo wa mifugo kwenye orodha yake ya urithi.

Kwenye lango linaloelekea Bojano kuna maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye jiwe, ya karne ya 2. Mpwa wa Maestra alinisomea kwenye simu tafsiri yake ya Kiitaliano, nami nikamwomba arudie. Ni barua. Wachungaji wa mifugo ya mfalme walilalamika kwamba kila wakipita Saepinum na Bovianum, ndiyo Bojano ya leo, wakuu wa miji na askari wa njiani wanawakamata, wanawaambia nyinyi ni watumwa waliotoroka na wanyama hawa mmewaiba, na katika purukushani hiyo kondoo wanapotea. Roma ikajibu kwa kuwaonya wakuu hao waache mara moja. Onyo likachongwa langoni ili kila anayeingia alione.

Nimekulia barabara ya Malindi kwenda Garsen. Nimeona ng'ombe wa Waorma wakishuka ukame ukizidi, nimeona vizuizi, nimesikia maneno yaleyale: mifugo hii ya nani, wewe ni wa wapi, kitambulisho kiko wapi. Nilisimama mbele ya jiwe lile mpaka mpwa wa Maestra akapiga honi.

Agnone tulikwenda kwa ajili ya kengele. Familia ya Marinelli inazisubu hapo kwa karne nyingi, na kumbukumbu za kazi hiyo mjini hurudi nyuma mpaka karne ya 14. Shaba na bati vinayeyushwa, padri anasoma litania, na hapo ndipo mchanganyiko huo mwekundu unamiminwa ndani ya kalibu iliyofukiwa chini. Maestra aligonga moja kwa fimbo yake bila ruhusa. Capracotta iko juu zaidi, mita 1,421, na ndiyo iliyoripotiwa Machi 2015 kuwa ilipata sentimita 256 za theluji bila hata siku moja kuisha. Nimejaribu kumweleza mama sentimita 256 za theluji. Nikamwambia: chukua mlango wa nyumba yetu, uongeze nusu mita, ndipo aone. Watu wa Capracotta waliohamia New Jersey waliwahi kuchanga wakawatumia nduguze gari la kusukuma theluji kutoka Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mjini bado wanalisimulia kama jamaa yao. Agosti hupika kondoo kwa masufuria makubwa nje, kwenye majani, na harufu yake ilinirudisha Iddi. Nilikula viazi, nyama nikaila kwa macho.

Kisha kuna Termoli, na bahari. Nilipoiona mara ya kwanza nilivua viatu. Adriatiki si Bahari Hindi, haina ule mkupuo na mchanga wake hauna makombe ya maana, lakini wavuvi wana vibanda vya mbao vilivyosimama majini kwa miguu myembamba, na nyavu zinazoshushwa kwa magogo marefu kutoka humo. Huviita *trabucchi*. Kitu kingine wanachojivunia hakionekani: mstari wa nyuzi 15 mashariki hupita hapo, na huo ndio mstari ambao saa ya Italia na ya sehemu kubwa ya Ulaya hupimiwa. Jua likiwa juu ya Termoli, wengine wote hurekebisha saa. Nilimtumia ujumbe yule mzee wa Malindi: mkoa usiokuwapo ndio unaokuambia ni saa ngapi. Alijibu kwa kidole gumba.

Kuna mahali katika orodha ambapo Maestra hunyamaza. Ameshasema San Giuliano del Sannio. Linalofuata ni San Giuliano di Puglia, mji ambao licha ya jina lake uko Molise. Mara ya kwanza nilidhani amesahau, nikalitaja mimi. Hakunijibu. Mpwa wake ndiye aliyenieleza jikoni. Tarehe 31 Oktoba 2002, kabla ya adhuhuri, tetemeko la ardhi liliangusha shule ya mji huo. Walikufa watoto 27 na mwalimu wao mmoja. Waliozaliwa mwaka 1996, wa darasa la kwanza, karibu wote walikwenda. Maestra alikuwa ameshastaafu, na wala si mji wake, lakini alifundisha darasa la kwanza miaka mingi. Siku hizi tukifika hapo mimi sisemi kitu. Anachukua haragwe, analishika kiganjani kidogo, analiweka chini, tunaendelea na San Martino in Pensilis.

Sasa niseme la ule ujumbe, maana kila mwezi binamu fulani kutoka Mombasa hunitumia: "Italia yalipa watu wahamie vijijini, omba sasa." Una chembe ya ukweli. Mwaka 2019 mkoa wa Molise ulitangaza kutoa euro 700 kwa mwezi, kwa miaka mitatu, kwa atakayehamia komune yenye watu chini ya 2,000. Sharti: ufungue shughuli ya biashara hapo. Na Castropignano iliuza nyumba za euro moja, za magofu, ukiweka dhamana na kuahidi kuzikarabati ndani ya muda. Mwenye kujua bei ya fundi wa paa Ulaya ataelewa kwa nini euro moja ndiyo rahisi kuliko zote zitakazofuata. Na viza hazitoki humo, binamu. Mimi ningekuwa na la kuwaambia waliopanga hayo, ningewaambia waanze na basi la Jumapili.

Kwa sababu ukitembea mjini kwetu saa kumi jioni utaona wanaobaki ni wazee, na wanaowashika mkono ni mimi, na Mromania mmoja, na mama wa Kiukraini, na binti wa Peru. Daftari la wakazi la mwaka huu lina watu wachache kuliko la mwaka jana. Nilimsikia karani akilisema hilo kwa sauti ya mtu anayehesabu kuku baada ya kicheche kupita. Akanitazama, akasema, lakini wewe umo.

Jana mvua ilishinda ikinyesha. Tulikaa jikoni, safari hii mimi nasoma na Maestra anatoa maharagwe. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Niliimaliza Campobasso yote bila kukwama, kikombe kikawa kitupu, Maestra akapiga meza. Nikaingia Isernia: Acquaviva d'Isernia, Agnone, Bagnoli del Trigno, Belmonte del Sannio... Nikafika Vastogirardi. Nikafika Venafro, ambayo ndiyo ya mwisho. Nikanyoosha mikono juu.

Maestra akainamisha kikombe. Limebaki haragwe moja.

Nikarudia kimoyomoyo tangu mwanzo. Nikahesabu kwa vidole. Nikataja kwa sauti zile ninazozisahau kila siku, Castelverrino, Chiauci, na zote alikuwa ameshazitoa. Yeye ananitazama tu, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mwanangu," akasema, "umeukalia."

Ndipo nikaikumbuka ile hadithi tuliyosimuliwa utotoni, ya yule mtu na punda wake kumi, kila akihesabu anapata tisa. Maestra alilichukua haragwe, akalitumbukiza kwenye supu.